Niko mwaka wa sita chuoni, na safari ya udaktari bado sijaianza

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Houston, Texas. Tulihamia huku na wazazi wangu baada ya baba kushinda bahati nasibu ya grini kadi, wakati huo niko kidato cha pili. Tangu nikiwa mdogo nasema nitakuwa daktari, na kila anayenifahamu anajua hivyo. Shida yangu ni kwamba huu ni mwaka wangu wa sita chuoni na hata shahada ya kwanza sijamaliza.

Nilianzia chuo cha jamii kwa sababu ya ada. Nilipanga kukaa miaka miwili, nikakaa mitatu, kwa kuwa mama alifanyiwa upasuaji wa mgongo nikalazimika kuahirisha muhula mzima nimuuguze. Baadaye nikahamia chuo kikuu. Muda wote huo nafanya kazi nyumba ya wazee kama CNA (msaidizi wa nesi), naingia saa 4 usiku natoka saa 12 asubuhi, usiku nne kwa wiki. Kazi naipenda, na hela yake inalipa nusu ya kodi ya nyumba yetu.

Mwaka wa pili nilipata D ya kemia. Maabara ilikuwa saa 2 asubuhi, natoka zamu naenda moja kwa moja. Siku moja nimeshika bureti, natakiwa nidondoshe tone moja moja mpaka kimiminika kiwe na waridi hafifu. Nikasinzia nimesimama. Kushtuka, chupa nzima imekolea rangi na mwalimu ananiangalia. Somo lile nililirudia nikapata B. Kemia ogania ya kwanza nikapata C. Mihula minne ya karibuni nimekuwa na A na B tu, lakini GPA yangu, yaani wastani wa alama zote kati ya 4.0, bado ni 3.3.

Sasa yaliyonifanya nikuandikie. Baba mdogo yuko Mwanza, na binti yake ni rika langu, tulianza naye darasa la kwanza. Yeye alimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), akaingia udaktari moja kwa moja, na mwaka huu ameanza intanshipu. Picha yake akiwa na koti jeupe iliwekwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Baba mdogo akatuma sauti: "Na yule wetu wa Marekani vipi, bado anasoma au alishadisko?" Watu wakacheka kwa emoji. Baba hakujibu kitu. Usiku ule aliniita mezani akaniambia taratibu kwamba nihamie unesi, nimalize haraka, familia ipumue.

Nimebakiza krediti 30 kati ya 120. Nimepanga kuchukua 18 muhula wa Januari, zikiwemo kemia ogania ya pili, fizikia ya pili na biokemia, halafu 12 majira ya joto, ili nimalize Agosti. Zamu sitaziacha. Mama, nijikaze hivyo? Vyuo vya udaktari vikiona nimetumia miaka karibu saba kwa shahada ya miaka minne vitanitaka kweli? Au nimsikilize baba?

Binti wa Houston

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa yote, hasa kwa ile sauti ya kwenye grupu, maana maneno ya ndugu wa damu huuma kuliko ya mtu baki.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Hakuna chuo cha udaktari Marekani kitakachokuondoa kwa sababu tu shahada ya kwanza imekuchukua miaka saba. Serikali yenyewe, inapopima wangapi wanahitimu katika vyuo vya miaka minne, huhesabu hadi mwaka wa sita, kwa sababu wanaopita ile minne ni wengi mno kupuuzwa. Na wanaoingia udaktari hawatoki darasani moja kwa moja kama unavyodhani. Zaidi ya theluthi mbili wamekaa mwaka mmoja au zaidi baada ya shahada ya kwanza, na umri wao wa wastani wanapoanza ni kama miaka 24. Wapo wanaoanza na 30, wapo wazazi wenye watoto shuleni. Ukiingia na 26 au 27 hutakuwa bibi wa darasa.

Binti wa baba yako mdogo anastahili pongezi zake zote, na umpe. Lakini hamko kwenye njia moja. Tanzania mtu anatoka kidato cha sita anaingia udaktari, anasoma miaka 5, kisha mwaka mmoja wa intanshipu. Kenya ni miaka 6 kabla ya intanshipu. Marekani, karibu kila mtu anatakiwa kwanza awe na shahada ya kitu kingine, miaka 4 kwa hesabu ya vitabuni, ndipo aombe udaktari ambao ni miaka mingine 4, ndipo aanze mafunzo ya hospitalini ya miaka 3 hadi 7 kulingana na fani. Hata mwanafunzi wa Houston asiyechelewa hata siku moja, mwenye wazazi matajiri na asiyejua zamu ya usiku ni nini, akiwa na umri wa binti huyo bado angekuwa mwaka wa pili au wa tatu wa udaktari. Ukoo unakupima kwa kipimo cha nchi nyingine, na sidhani kama kuna mtu amewahi kukaa nao akawaeleza hivyo. Baba ndiye wa kuwaeleza, lakini naye inabidi aeleweshwe kwanza, na mwenye kazi hiyo ni wewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo linanitia wasiwasi kuliko miaka, nalo ni alama. Sitakuficha, kwa sababu kukupamba maneno hapa ni kukudhulumu. Wastani wa GPA ya wanaoingia vyuo vya udaktari vya MD (shahada ya kawaida ya udaktari) nchini humo ni karibu 3.8, na wastani wa mtihani wao wa kujiunga, MCAT, ni 511 au 512 kati ya 528. Kila mwaka waombaji wanaopata nafasi ni chini ya nusu. Wewe una 3.3. Tukipiga hesabu ya juu juu: ukipata A katika krediti zote 30 zilizobaki, utafika karibu 3.5. Ukipata B tupu, utashuka kidogo chini ya hapo ulipo. Na ile D haijafutika. Hata kama chuo chako kinaonyesha B pekee, mifumo ya maombi ya udaktari, AMCAS ya kitaifa na TMDSAS ya Texas, huhesabu alama zote mbili, na huchukua transkripti za kila chuo ulichosoma, pamoja na cha jamii.

Kwa hiyo krediti hizo 30 ndizo mtaji wako wa mwisho, na wewe unataka kuzimaliza kwa kukimbia ukiwa na usingizi.

Tazama mpango wako kwa makini. Krediti 18 pamoja na usiku nne wa kazi. Kemia ogania, fizikia na biokemia, masomo matatu mazito kwa mpigo. Kwa nini? Ili umalize Agosti badala ya Desemba. Miezi minne. Na hiyo miezi minne haikununulii kitu, kwa sababu maombi ya udaktari hufunguliwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Mei, kwa ajili ya kuanza masomo majira ya joto ya mwaka unaofuata. Katika barua yako yote hukutaja MCAT. Mtihani ule unakaa ukumbini zaidi ya saa 7, mapumziko yakiwemo, na unauliza biokemia, fizikia, saikolojia, sosholojia na usomaji wa matini ndefu. Watu wengi huujiandalia kwa miezi kadhaa. Huwezi kuusomea ukiwa na krediti 18 na wazee wa kuwageuza kitandani kila baada ya saa 2. Basi ukimaliza Agosti, utakaa chini usome MCAT, uombe Mei. Ukimaliza Desemba, utakaa chini usome MCAT, uombe Mei ile ile. Dirisha ni lile lile, tofauti ni alama utakazolifikia nazo.

Ningekuwa mimi ndiye nakaa na wewe mezani, ningepanga hivi: 12 muhula wa Januari, 6 majira ya joto, 12 muhula wa mwisho wa mwaka. Kumi na mbili bado inakuhesabu mwanafunzi wa muda wote, kwa hiyo ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, haipungui. Kemia ogania na fizikia unaweza kuziweka Januari, biokemia ikae peke yake muhula wa mwisho ikiwa mbichi kichwani kwa ajili ya MCAT, na masomo mepesi yajaze nafasi. Ile C ya ogania ya kwanza usiirudie. Vyuo vingi hukubali C katika masomo ya lazima, na kurudia kunakula muda na hela bila kufuta kitu. Onyesha kwenye ogania ya pili na biokemia kwamba kemia unaiweza. Anayesoma faili lako ataona D ya mwaka wa pili, kisha mihula minne ya A na B, kisha A za masomo magumu, na anajua kusoma mstari unaopanda.

Halafu zamu. Najua nusu ya kodi ni nusu ya kodi. Lakini usiku nne ni mwingi mno kwa muhula wenye maabara. Omba wikendi: Ijumaa na Jumamosi usiku, asubuhi yake huna darasa. Nyumba nyingi za wazee zinahangaika kupata watu wa wikendi, na baadhi hulipa nyongeza. Pengo litakalobaki lizungumzwe nyumbani kwa tarakimu, mbele ya baba na mama: linapungua kiasi gani, kwa miezi mingapi, nani atasogea wapi. Mabinti wa kwetu tuna tabia ya kubeba boksi kimya kimya mpaka tunaanguka, halafu nyumbani wanashangaa tulianguka lini.

Kuna mambo ya fedha na kanuni ambayo mtu anayekawia chuoni anapaswa kuyajua, na mara nyingi hakuna anayemwambia. Ruzuku ya Pell ina kikomo cha maisha: sawa na mihula 12 ya muda wote. Ukisoma nusu muda, unatumia nusu. Ingia kwenye akaunti yako ya msaada wa serikali leo uangalie umebakiza asilimia ngapi, usije ukakatiwa muhula wa mwisho. Texas nayo ina sheria mbili za kuchunga. Ukizidisha krediti 30 juu ya zile zinazohitajika kwa shahada yako, chuo cha umma kinaweza kukutoza ada ya juu kama mgeni wa jimbo. Na mwanafunzi haruhusiwi kuacha masomo zaidi ya 6 katika shahada nzima baada ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa bila rekodi. Ule muhula uliouacha wote kumuuguza mama hauingii kwenye hesabu hiyo, maana kujiondoa masomo yote kwa pamoja hakuhesabiwi, na hata somo moja moja huweza kusamehewa kama uliliacha kwa ajili ya ugonjwa wa mtu wa familia. Lakini lazima uwe na karatasi. Cheti cha hospitali cha mama kitafute, ukiweke.

Kwa upande wa gharama za huko mbele, kuwa mkazi wa Texas ni bahati ambayo wengi hawaioni. Sheria ya jimbo inabana wageni wasizidi asilimia 10 katika vyuo vya udaktari vya umma, nafasi zilizobaki ni zenu, na ada ni miongoni mwa nafuu zaidi nchini. TMDSAS inatoza ada moja hata ukiomba vyuo vingi. Kwa MCAT, omba msaada wa ada wa AAMC, chama cha vyuo vya udaktari, mapema, kabla hujalipia mtihani, kwa kuwa hawarudishi ulichokwisha kulipa. Ukikubaliwa, ada ya mtihani inapungua kwa zaidi ya nusu na unapewa vifaa vya kujifunzia. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba. Jua pia kwamba kuanzia Julai 2026, wanaoanza kukopa kwa ajili ya udaktari wana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla katika mikopo ya serikali kuu, kwa hiyo chuo cha bei kubwa nje ya jimbo kinaweza kukuacha na shimo la kuziba kwa mkopo wa benki.

Usiwasahau DO, madaktari wa osteopathia. Waswahili wengi hawalijui jina hilo na wanalidharau bure. Ni madaktari kamili, wanatibu, wanapasua, wanaandika dawa, wanaingia mafunzo ya hospitalini pamoja na wenzao wa MD. Wastani wa alama za kuingia uko chini kidogo, na miongoni mwa wanafunzi wao wapo watu wenye safari ndefu kama yako. Kimojawapo cha umma kiko Fort Worth, na unakiomba kupitia TMDSAS hiyo hiyo.

Utakapoandika maombi, usiandike kama mtu anayeomba radhi. Eleza kukawia kwa sentensi tatu au nne: mama alipasuliwa, ulikuwa ukilipa kodi, ulisoma ukitoka zamu ya usiku, hivi ndivyo alama zako zilivyokwenda tangu ulipopata nafuu. Kisha geukia kazi. Wenzako watakuwa wamesimama pembeni mwa daktari saa kadhaa wakiangalia. Wewe umemsafisha mzee aliyejisaidia kitandani, umempa maji kwa kijiko asiyeweza kumeza vizuri, umejua kwa kumtazama tu kwamba usiku huu huyu hayuko sawa ukamwita nesi. Andika mgonjwa mmoja, bila jina lake, na usiku mmoja. Hiyo miaka unayoionea haya ndiyo iliyokupa jambo la kusema. Na muombe nesi msimamizi wako barua ya mapendekezo, pamoja na za walimu wa sayansi.

Nimebakiza ushauri wa baba. Unesi ni taaluma kamili. Wewe unafanya kazi na manesi kila usiku, unajua nani anaibeba ile nyumba. Kama moyoni unaiona kazi yao na kusema "hii ndiyo yangu", hamia bila kuona haya, na usimruhusu mtu wa Mwanza wala wa Houston kusema umeshindwa. Lakini kuhamia unesi kwa sababu ya sauti ya WhatsApp ni jambo jingine. Wala haraka anayoifikiria baba haipo: kuna masomo ya awali, kuna ushindani wa nafasi, na ukiwa na krediti 90 tayari, kuzitupa nusu uanze orodha mpya huenda kukakuchukua muda ule ule. Ukimaliza shahada hii, bado ziko programu za unesi za haraka kwa wenye shahada nyingine, nyingi za mwaka mmoja hadi miwili. Mlango huo haufungwi kwa kumaliza ulichoanza.

Mwambie baba hayo hayo. Naamini hakusema kwa kukukatisha tamaa. Baba aliyenyamaza mbele ya ukoo wake halafu akakuita mezani kwa sauti ya taratibu ni baba aliyeumia kwa ajili yako, na anatafuta njia ya kukutoa kwenye aibu asiyoweza kuizuia. Mpelekee karatasi moja: krediti zilizobaki, mwezi wa kuhitimu, mwezi wa MCAT, mwezi wa maombi, gharama ya kila hatua. Mwonyeshe pia mahali utakaposimama na kutafakari upya. Kwa mfano, ikiwa baada ya majaribio kamili ya MCAT nyumbani uko chini ya 500 na hupandi, usilipe maombi mwaka huo. Ikiwa umeomba mara mbili, MD na DO, hujapata, mnakaa tena kuzungumzia unesi au kazi nyingine ya tiba. Mzazi akiona kikomo, hofu inapungua.

Kwenye grupu usijibu kitu. Mpongeze dada yako huyo kwa faragha, na muulize jinsi alivyosoma fiziolojia, maana MCAT itakuuliza. Kama una mdogo wako anayeanza chuo Texas na anapata Pell, mwambie aulizie mpango wa JAMP katika mwaka wake wa kwanza, ni wa wanafunzi wa kipato cha chini wanaotaka udaktari, na ukipita mwaka wa pili umechelewa.

Kabla hujajiandikisha kwa muhula wa Januari, weka miadi na mshauri wa wanafunzi wa fani za afya chuoni kwako. Beba transkripti za vyuo vyote viwili, taarifa ya Pell iliyobaki, na mpango wa 12, 6, 12. Muulize swali moja zaidi: kama biokemia itafundishwa muhula wa mwisho wa mwaka, maana vyuo vingine huitoa mara moja tu. Kama haitakuwepo, ichukue Januari na fizikia uisogeze. Kemia ogania usiipange saa 2 asubuhi ya siku unayotoka zamu.